Mbegu Isiyohitaji Baba: Jinsi ya Kupata Miche Inayofanana ya Michungwa na Miembe

Tatizo la michungwa isiyolingana huanzia kitaluni. Mkulima wa Muheza au Makueni anaweza kununua miche mia moja iliyobebeshwa vikonyo vya aina moja, akaipanda wiki moja, akaipa samadi ile ile, na baada ya miaka michache akakuta mingine imenawiri, mingine imedumaa na mingine imeanza kuoza mizizi. Vikonyo vilikuwa vya aina moja. Kilichotofautiana ni shina la chini, lile lililooteshwa kwa mbegu.

Mwenye kitalu anaweza kuipunguza sana tofauti hiyo bila maabara na bila gharama kubwa, kwa sababu jamii ya michungwa na baadhi ya miembe ina uwezo wa kutoa mbegu zenye viinitete visivyotokana na chavua. Anayejua kuzitambua mbegu hizo, kuziotesha na kuchambua miche yake anapata mashina yanayofanana. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kufanya hivyo.

Kinachotokea ndani ya mbegu

Kwa kawaida kiinitete hutokea pale chavua inapolirutubisha yai. Nusu ya urithi wake hutoka kwa mama na nusu kwa baba, na ndiyo maana miche ya mbegu mara nyingi haifanani na mti ilikotoka. Katika mchungwa, mdimu, michenza mingi na aina nyingi za mlimau, jambo la pili hutokea sambamba na hilo. Seli za mti mama zinazozunguka kifuko cha yai huanza kugawanyika zenyewe na kujenga viinitete vyake. Viinitete hivyo havina baba. Urithi wao wote ni wa mama, sawa na kipande cha shina la muhogo kinachochomekwa ardhini kikazaa muhogo ule ule.

Wanasayansi huuita uzazi wa namna hii apomiksia. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliona viinitete viwili ndani ya mbegu moja ya chungwa mwaka 1719, na mwaka 1878 Eduard Strasburger, mtaalamu wa mimea nchini Ujerumani, akaeleza kwamba viinitete vya ziada hutokana na tishu za mama. Mwaka 2017 watafiti wa Wuhan, China, walionyesha kwamba tabia hii katika jamii ya michungwa inahusiana na jeni moja, CitRWP, ambayo kipande kidogo cha DNA kilijipachika mbele yake na kuifanya ifanye kazi kwa nguvu zaidi.

Kwa mkulima, jambo la kushika ni hili: mbegu moja inaweza kubeba kiinitete kimoja chenye baba na vingine kadhaa visivyo na baba. Katika makala haya mche wenye baba nitauita mche wa chavua, na usio na baba nitauita mche wa mama. Kazi yote ya kitaluni ni kubakiza miche ya mama na kuondoa ya chavua.

Usidhani kwamba ukiyazuia maua yasipate chavua utapata miche ya mama tupu. Kwa kawaida chavua bado inahitajika ili mbegu ijengeke na kupata chakula chake cha ndani. Waache nyuki wafanye kazi yao.

Jua mti wako uko kundi gani

Si kila tunda la jamii hii lina tabia hiyo. Chungwa, ndimu na limau la kienyeji lenye ganda la vinundu, lile linalotumika sana vitaluni, hutoa viinitete vingi kwa mbegu moja. Chenza la Cleopatra na michungwa chotara ya Carrizo na Troyer pia hutoa miche mingi ya mama, na ndiyo sababu imependwa duniani kama mashina ya kubebeshea. Kwa upande mwingine, pomelo, lile balungi kubwa lenye ganda nene, hutoa kiinitete kimoja tu chenye baba. Chenza la Clementine ni hivyo hivyo. Mbegu za kundi hili la pili zitakupa miche yenye sura tofauti tofauti hata ukizichuma kwenye tawi moja.

Kwa maembe, aina zenye asili ya India kwa kawaida huwa na kiinitete kimoja, na nyingi zenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki huwa na vingi. Kent, Keitt, Tommy Atkins na Haden, ambazo wakulima wa Kenya na Tanzania wanazijua vizuri, zina kiinitete kimoja. Mbegu zake haziwezi kukupa nakala ya mama. Kuhusu maembe ya kienyeji, usitegemee jina, kwa kuwa jina moja hubeba miti tofauti kutoka wilaya moja hadi nyingine. Pima mwenyewe.

Namna ya kupima mbegu

Kwa machungwa, chukua mbegu 20 au 30 kutoka matunda kadhaa ya mti mmoja. Ziloweke usiku kucha. Menya ganda la nje, kisha ondoa utando mwembamba wa ndani kwa ukucha au ncha ya kisu. Tenganisha polepole vipande vilivyomo kwa sindano. Mbegu yenye kiinitete kimoja itakuonyesha nusu mbili kubwa zinazolingana. Mbegu yenye vingi itakuwa na vipande vya ukubwa mbalimbali vilivyobanana, vingine vidogo kama kichwa cha pini, hasa kwenye ncha iliyochongoka. Andika idadi ya kila mbegu. Iwapo karibu zote zina viinitete viwili au zaidi, mti huo unafaa kuwa chanzo cha mbegu.

Kwa embe, fungua kokwa kwa kukata ukingo wake kwa mkasi wa kupogolea, bila kuumiza mbegu iliyomo. Mbegu ya kiinitete kimoja ina nusu mbili laini zilizokaa sambamba. Mbegu ya vingi imegawanyika vipande visivyolingana vilivyokunjana. Baada ya kuota, fukua udongo kidogo uangalie mizizi. Hapa wengi hukosea: machipukizi mawili au matatu yanayotokea kwenye mzizi mmoja ni mche mmoja uliotoa matawi. Machipukizi yenye mizizi yake kila moja ndiyo yanayotokana na viinitete tofauti.

Chagua mti mama mmoja na uuwekee alama

Kwa kuwa miche ya mama ni nakala, ubora wa kitalu chako hautazidi ubora wa mti uliochuma mbegu. Chagua mti wenye afya, uliozaa kwa miaka mingi mfululizo, usio na gome linalotoa utomvu wala majani yenye mabaka ya njano. Uwe mti uliostahimili udongo wa eneo lako. Upige rangi au ufunge bati lenye namba, na uchume mbegu zote hapo. Malimau ya kuokoteza sokoni yanatoka kwenye miti mingi, na hata kama kila mbegu ingetoa mche wa mama, mama wenyewe wangekuwa tofauti.

Kama unaweza, chagua mti uliozungukwa na wenzake wa aina moja, mbali na mibalungi na michenza mchanganyiko. Hata mche wa chavua ukitokea, utakuwa haujaenda mbali sana na mama yake.

Kutoa na kutayarisha mbegu

Chuma matunda yaliyokomaa mtini. Usiokote yaliyoanguka, kwa sababu kuvu wa udongoni anayeozesha mizizi hupanda nayo. Kata ganda kwa kuzunguka katikati bila kufika kwenye mbegu, kisha zungusha nusu mbili uzitenganishe na ukamue mbegu. Osha hadi utelezi uishe. Tupa zinazoelea.

Kama una kipimajoto, loweka mbegu kwenye maji ya nyuzi joto 52 za Selsiasi kwa dakika 10, kisha zipoze kwenye maji safi. Hatua hii hupunguza kuvu waliobaki kwenye ganda la mbegu. Bila kipimajoto usijaribu kukisia, maana maji yakizidi kidogo yanaua viinitete.

Zianike kivulini mpaka ganda la nje likauke tu. Mbegu za michungwa hazivumilii kukaushwa juani kama mahindi au maharage, kwani zikikauka kabisa hufa. Panda mara moja. Ikilazimu kusubiri, zifunge kwenye mfuko wa plastiki na uziweke kwenye jokofu, sehemu ya chini isiyogandisha. Mbegu za embe ni dhaifu zaidi. Zipande ndani ya siku chache baada ya kula tunda, zikiwa zimetolewa kwenye kokwa, upande uliopinda ukiangalia juu.

Kuotesha

Tumia tuta au trei yenye mchanganyiko wa udongo wa msituni, mchanga na mboji iliyoiva. Panda mbegu za machungwa kina cha sentimita 2 hivi, kwa mistari, kila mti mama na mstari wake wenye kibao. Mwagilia asubuhi, weka kivuli chepesi, na usiruhusu maji yatuame. Nyingi zitaota ndani ya wiki tatu hadi sita kulingana na joto.

Utaona sehemu moja ikitoa miche miwili, mitatu, pengine minne. Usiikate mapema. Iache ifikie majani manne au matano, kisha ing'oe pamoja baada ya kumwagilia vizuri, uitenganishe kwa vidole na kuihamishia kwenye viriba, kila mmoja peke yake.

Kuchambua miche: hapa ndipo kazi ilipo

Mbegu imeshafanya sehemu yake. Sasa jicho lako ndilo litakaloamua. Chambua mara mbili, na usione huruma.

Uchambuzi wa kwanza hufanyika wakati wa kuhamishia viribani. Tupa mche wowote wenye mzizi mkuu uliopinda kama ndoano, uliosokotana au uliogawanyika. Kasoro hii haihusiani na chavua, lakini mti wenye mzizi kama huo hautasimama imara. Kisha tupa miche midogo mno. Katika mbegu moja viinitete hugombania chakula, na mara nyingi kile chenye baba hushindwa na vya mama, kikatoa mche dhaifu au kisiote kabisa. Lakini usifanye udhaifu kuwa kipimo pekee. Kuna miche ya mama iliyochelewa tu, na kuna ya chavua inayokua kwa kasi kuliko yote.

Uchambuzi wa pili hufanyika viribani, kabla ya kubebesha, miche inapokuwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30. Ipange kwa mistari penye mwanga sawa, ili tofauti unayoiona isiwe ya kivuli. Simama mbali kidogo, tazama mstari mzima, kisha pita karibu ukikagua mambo haya:

Umbo la jani. Tazama upana, ncha, meno ya ukingoni na kile kijibawa kilicho kwenye kikonyo cha jani. Miche ya mama italingana karibu yote. Mwenye jani jembamba kuliko wenzake, au kijibawa kikubwa kupita kiasi, mtoe.

Rangi na harufu. Pekecha jani kati ya vidole unuse. Limau, chungwa na danzi vina harufu tofauti, na mche wenye baba wa aina nyingine mara nyingi hujisaliti hapo.

Miiba na nafasi kati ya majani. Kwa kawaida miche michanga ya mbegu huwa na miiba, ikiwemo ya mama, kwa hiyo miiba peke yake si kosa. Kinachotakiwa ni ulinganifu. Mche wenye miiba mirefu kuliko wote, au usio nayo kabisa, ni wa kutilia shaka.

Kimo. Toa waliodumaa, na pia toa majitu. Wauzaji wengi hupenda jitu la mstari kwa sababu linavutia mnunuzi. Lakini kama mstari mzima una kimo kimoja na mmoja umeuzidi kwa mbali, huyo si ndugu wa wengine.

Kwa mlimau wa kienyeji utatoa wachache. Kwa aina zenye mchanganyiko zaidi utatoa wengi. Mche uliotolewa usiuze kwa bei nafuu, maana utakwenda kuharibu shamba la mtu na jina lako.

Vyuo na vituo vya mafunzo vinaweza kuonyesha jambo hili kwa macho. Kuna jamaa wa mchungwa mwenye jani lililogawanyika sehemu tatu, na tabia hiyo hutawala katika uzao wake. Ukipaka chavua yake kwenye ua la mlimau wa kawaida, miche yenye majani matatu ni ya chavua, na yenye jani moja ni ya mama.

Kwa nini bado tunabebesha

Mtu anaweza kuuliza: kama mche wa mama ni nakala, kwa nini nisipande mbegu ya chungwa tamu moja kwa moja? Inawezekana, na wakulima wengi wa ndimu hufanya hivyo, wakapata ndimu ile ile. Lakini mche wa mbegu, hata usio na baba, huanza maisha upya: hukua kwenda juu, huwa na miiba mingi, na huchelewa kuzaa kwa miaka kadhaa zaidi ya uliobebeshwa. Pia mizizi yake haikuchaguliwa kwa ajili ya udongo wako. Kwa hiyo tumia miche ya mama kama mashina, kisha bebesha kikonyo kutoka mti uliokwisha kuzaa.

Bebesha shina linapofikia unene wa penseli, kwa urefu wa sentimita 20 au zaidi kutoka kwenye udongo, wakati gome linabanduka kwa urahisi. Unapopanda shambani, kiungo cha kikonyo na shina kibaki juu ya ardhi, ili kuvu wa udongoni asifikie sehemu iliyobebeshwa. Mlimau wa kienyeji huvumilia virusi vya tristeza, vinavyoua michungwa, lakini huumwa sana na kuvu wa mizizi. Ondoa kila chipukizi linalotoka chini ya kiungo.

Usisahau faida nyingine. Virusi vya tristeza, na bakteria wanaosababisha matunda kubaki kijani na majani kuwa na mabaka katika nyanda za baridi za Afrika Mashariki, kwa kawaida havipiti kwenye mbegu. Katika karne ya 20, California na Brazil zilitumia miche ya mama kupata koo safi za michungwa iliyokuwa imejaa virusi. Mche wako unatoka kwenye mbegu ukiwa safi. Kinachoweza kuuchafua ni kikonyo ulichokata kwenye mti mgonjwa, kisu kisichosafishwa, vidukari, na chawa wa majani. Uangalifu wote uuelekeze huko.

Hatari ya kufanana

Nakala hurithi pia udhaifu. Kuanzia miaka ya 1930, mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa kwenye mdanzi ilikufa Argentina na Brazil kwa virusi vya tristeza, kwa kuwa mashina yote yalikuwa na udhaifu uleule. Kama una shamba kubwa, tumia aina mbili za mashina kwenye vipande viwili vya shamba, ukiandika ni ipi iko wapi. Usizichanganye mstari kwa mstari, maana hutaweza kuzilinganisha.

Elimu hii inafika mbali kuliko matunda

Nyasi nyingi za malisho za asili ya Afrika huzaa mbegu bila baba. Brachiaria aina ya Basilisk, yenye asili ya Uganda, na Xaraés, iliyotoka Burundi, zilikwenda kulisha ng'ombe wa Amerika ya Kusini, na mbegu zake hutoa nyasi ile ile kizazi hadi kizazi. Mulato II, ambayo ni chotara, nayo haipotezi uchotara wake kwa sababu hiyo hiyo. Mfugaji anayevuna mbegu zake mwenyewe anapaswa kujua kwamba nyasi ya Boma Rhodes si hivyo. Yenyewe huchavushana, na mbegu zake hubadilika zikichanganyika na nyasi za jirani.

Mahindi, mpunga, mtama na kunde havina uwezo huu kwa asili. Ndiyo sababu mkulima wa mahindi chotara hulazimika kununua mbegu kila msimu, kwani akirudishia aliyovuna, nguvu ya uchotara hupungua na mimea haifanani. Desemba 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na wenzao wa Ufaransa, walitangaza mpunga uliobadilishwa jeni ambao sehemu ya mbegu zake zilikuwa nakala za mama. Mwaka 2022 watafiti walieleza mpunga chotara ambao zaidi ya asilimia 95 ya mbegu zake zilikuwa nakala. Kuna pia mradi wa kimataifa ulioanzia Australia unaotafuta njia hiyo kwa mtama na kunde, ukiwalenga wakulima wadogo wa Afrika. Iwapo kazi hiyo itafika shambani, swali kubwa litakuwa nani ataimiliki mbegu hiyo, na je, mkulima ataruhusiwa kuipanda tena? Vyama vya wakulima na watunga sheria wetu waanze kulijadili sasa, kabla mbegu haijafika.

Wakati tunasubiri, mlimau na mwembe imeshatupa uwezo huo bure. Mwenye kitalu, weka alama kwenye mti wako wa mbegu, andika kumbukumbu, na utupe mche unaotia shaka. Mnunuzi, kabla ya kulipa uliza mambo mawili: mbegu za mashina zilitoka mti gani, na miche mingapi ilitolewa wakati wa kuchambua. Asiyeweza kujibu usinunue kwake. Mche wa chavua ukitupwa kitaluni umepoteza kiriba kimoja cha udongo. Ukiingia shambani unakalia nafasi ya mti mzuri kwa miaka ishirini.